Mtoto Aliyeumizwa na Mzazi Wake: Nani Atamfikisha Mbele ya Haki?

Mama Kanisa anatufundisha kwamba familia ni Kanisa la nyumbani, mahali ambapo mtoto hujifunza kwa mara ya kwanza kusali, kusamehe na kuamini kwamba anapendwa. Kwa sababu hiyo, jeraha ambalo mtoto hulipata mikononi mwa baba au mama yake ni zito kuliko lile alilotiwa na mtu wa mbali. Mtoto aliyepigwa na mgeni hukimbilia nyumbani. Mtoto aliyeumizwa nyumbani hana pa kukimbilia, isipokuwa yuko mtu mzima mwingine atakayemfungulia mlango.

Katika makala haya tunapenda kutafakari pamoja na waamini wenzetu swali moja: mtoto aliyetendewa jinai na mzazi wake anaifikiaje mahakama? Tunalitazama swali hili tukisimama Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, zaidi ya kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe. Tunafanya hivyo kwa sababu huduma za kumsaidia mtoto wa aina hii zimesogezwa hadi huko, na hata hivyo kuwapo kwa huduma si sawa na kuifikia haki. Tena wapo waamini wetu waliokwenda pande hizo kwa kazi za hoteli, ualimu, uuguzi na ulinzi, wakiishi ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu. Mtoto wa jirani ana sura na mfano wa Mungu sawa na mtoto wa jumuiya yetu, na wajibu wetu kwake hauulizi dini yake.

Mlango ambao ufunguo wake anao mtuhumiwa

Taratibu nyingi za haki zimejengwa juu ya dhana kwamba mtoto ana mzazi wa kumsemea. Mzazi ndiye anayetarajiwa kumpeleka mtoto hospitali, kutoa taarifa polisi, kulipa nauli ya kwenda mjini, kukumbuka tarehe ya kesi na kumshika mkono anapoingia mahakamani. Mtoto aliyedhuriwa na mtu wa nje, hata akiwa maskini, kwa kawaida anaye mtu wa kuyafanya hayo yote.

Mtuhumiwa anapokuwa mzazi mwenyewe, mpangilio huo wote unavunjika. Anayepaswa kutoa taarifa ndiye anayetajwa katika taarifa hiyo. Anayepaswa kumpeleka mtoto kwa daktari ndiye anayeogopa daktari ataona nini. Mzazi wa pili naye mara nyingi amefungwa. Mama anayeishi kwa kulima mwani na kwa kile ambacho mume wake huleta kutoka baharini anajua kwamba siku mume atakapokamatwa, chungu kitapungua, na huenda ndugu wa mume wakamtaka aondoke. Anaweza kumpenda mtoto wake kwa dhati na bado akanyamaza. Ukimya wake ni kosa mbele ya mtoto, lakini tusipoelewa unatokana na nini hatutajua namna ya kuuvunja.

Na mtoto mwenyewe, mara nyingi, anampenda mzazi aliyemuumiza. Anataka maumivu yaishe. Hataki baba aende gerezani. Akiambiwa, «Ukisema, sote tutalala njaa kwa ajili yako», anabeba mzigo ambao haukuwa wake. Ndiyo maana mtoto wa namna hii husema nusu ya jambo, hunyamaza wiki nzima, na wakati mwingine huyakana aliyoyasema jana. Asiyezifahamu hali hizi hudhani mtoto anadanganya.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionesha ukubwa wa jambo hili. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walisema kwamba walipata kupigwa au kutendewa ukatili mwingine wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na miongoni mwa waliowatendea hivyo walikuwamo ndugu wa karibu na walimu. Kwa upande wa Zanzibar, asilimia 6 hivi ya wasichana na asilimia 9 hivi ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Tuzingatie kwamba idadi ya wavulana ilikuwa juu zaidi: wazazi wanaowalinda mabinti peke yao wanaacha upande mmoja wa nyumba wazi. Utafiti huohuo ulibainisha kwamba sehemu kubwa ya waliotendewa ukatili wa kingono hawakumwambia mtu yeyote, na kwamba wavulana ndio walionyamaza zaidi.

Muhali: neno la adabu lililogeuka kufuli

Watu wa Zanzibar wana neno ambalo halina budi kutajwa hapa, nalo ni muhali. Kuona muhali ni kuona taabu ya kumkatalia mtu wa karibu, kumwaibisha au kumvunjia heshima. Muhali una uzuri wake: ndio unaowafanya watu wa kijiji kimoja wavumiliane, wazikane na walishane. Lakini Visiwani watu wanazungumza pia juu ya «rushwa muhali», yaani ile hali ya shahidi, jirani au hata mtumishi wa umma kuipinda haki, si kwa kupokea fedha, bali kwa sababu mtuhumiwa ni shemeji, ni mjomba, ni mtu waliyekua pamoja.

Kwa mtoto aliyeumizwa na mzazi wake, muhali ni kufuli ya pili baada ya ile ya nyumbani. Wazee hukaa kitako, mzazi hukemewa, mtoto huambiwa amwombe radhi mzazi kwa kumtia aibu, na jambo hutangazwa kuwa limekwisha. Pengine mtoto huhamishiwa kwa shangazi wa kijiji kingine, naye mzazi hubaki nyumbani na wadogo zake waliosalia.

Watu wa Makunduchi wanajulikana duniani kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, ambayo kila mwezi wa Julai huufungua mwaka kwa hesabu ya zamani. Katika sherehe hiyo wanaume hupigana kwa vipande vya migomba, ili kinyongo cha mwaka uliopita kitoke na watu waanze upya kwa amani. Ni mila yenye hekima, kwa kuwa jamii isiyo na njia ya kumaliza ugomvi hugawanyika. Lakini tuangalie vizuri: wanaopatana kwa njia hiyo ni watu wazima, wenye nguvu zinazokaribiana, na kila mmoja ana mgomba mkononi. Mtoto hana mgomba. Sulhu baina ya mwenye nguvu na asiye na nguvu, inayofanyika bila asiye na nguvu kuwa na msemaji, haiwi sulhu. Ni kumrudisha mwanakondoo zizini na kufunga mlango kwa nje. Ugomvi wa mpaka wa shamba unaweza kuishia barazani kwa wazee, lakini jinai dhidi ya mtoto haiwezi kuishia hapo.

Sheria inasema nini?

Wapo wanaodhani kwamba yanayotokea ndani ya nyumba ni mamlaka ya baba na kwamba dola haina nafasi humo. Sheria za Zanzibar hazisemi hivyo. Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya mwaka 2011 inamtambua mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inawataka walio na mamlaka juu yake kutanguliza maslahi yake. Sheria hiyo ilitunukiwa tuzo ya dhahabu ya kimataifa na taasisi ya World Future Council mwaka 2015, kama mojawapo ya sheria bora duniani za kuwalinda watoto. Inamkubalia mzazi kumrudi mtoto wake, lakini inaweka mpaka: marudi hayo yasifikie kuudhuru mwili au akili ya mtoto. Methali isemayo «Mchelea mwana kulia hulia yeye» ni wosia wa malezi. Haikupata kuwa ruhusa ya kumchoma mtoto kwa moto, kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumpiga hadi kumjeruhi.

Sheria ya Adhabu Nam. 6 ya mwaka 2018 inaadhibu ubakaji, ulawiti, shambulio la aibu na mashambulio ya kudhuru mwili, na hakuna popote inapomwachia mtu kwa sababu yeye ndiye mzazi. Upande wa Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 158, inataja wazi kosa la mwanamume kumwingilia binti yake au ndugu yake wa damu: ikiwa mtendewa yuko chini ya miaka 18, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Huko Bara, Sheria ya Ushahidi imeona pia kikwazo cha mke na mume. Kwa kawaida mtu halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzi wake wa ndoa. Lakini pale ambapo mshtakiwa anadaiwa kumdhuru mtoto wao, mwenzi huyo anaweza kuitwa na kulazimika kusema. Mtunga sheria alijua kwamba mama anaweza kubanwa baina ya mume na mtoto, akaamua kumwondolea mzigo wa kuchagua: anayemwita kizimbani ni mahakama.

Haya yanakwenda sambamba na ahadi za kimataifa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 19, unaitaka dola imlinde mtoto dhidi ya ukatili hata akiwa chini ya malezi ya wazazi wake. Kiti Kitakatifu kilijiunga na mkataba huo mwezi Aprili 1990, miongoni mwa wa kwanza kabisa duniani, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kwa hiyo Mkatoliki anayedai kwamba haki za mtoto ni mambo ya kigeni yanayovunja familia, asikose kujua kwamba Kanisa lake liliukubali mkataba huo kabla ya nchi yake.

Safari ya shauri, hatua kwa hatua

Tunaona ni vema kueleza njia yenyewe ilivyo, kwa kuwa wengi hushindwa kumsaidia mtoto kwa sababu tu hawajui waanzie wapi.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Mtoto anapofungua kinywa, asikatizwe, asilaumiwe, wala asiulizwe maswali ya kumtia maneno mdomoni. Inatosha kumwambia kwamba amefanya vema kusema, na kwamba kosa si lake. Asiahidiwe kwamba jambo hilo litabaki siri, maana ahadi hiyo haiwezi kutimizwa. Maneno yake yaandikwe mapema kama alivyoyasema mwenyewe. Kama ni mtoto wa Makunduchi anayesimulia kwa Kimakunduchi, yaandikwe kwa Kimakunduchi, kwa sababu neno la mtoto likitafsiriwa haraka linaweza kupoteza maana yake mahakamani.

Hatua ya pili ni hospitali. Hospitali ya Makunduchi ina Kituo cha Mkono kwa Mkono. Kituo cha kwanza cha namna hiyo Zanzibar kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, kisha huduma ikapelekwa kwingine Unguja na Pemba. Jina lake linaeleza kazi yake: mtoto anapokewa na kukabidhiwa kutoka mkono hadi mkono chini ya paa moja, baina ya daktari, polisi na mshauri nasaha, ili asirudie kisa chake mbele ya kila mlango. Kwa tukio la kingono, mtoto afikishwe mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zina kikomo hicho cha muda. Asiogeshwe kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zitiwe katika mfuko wa karatasi au wa kitambaa na kupelekwa pamoja naye. Mama anayemwogesha mtoto kwa huruma anaweza, bila kujua, kuufuta ushahidi ambao ungelisema badala ya mtoto.

Hatua ya tatu ni taarifa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea malalamiko na kutoa fomu namba 3 ya polisi, ijulikanayo kama PF3, ambayo daktari huijaza. Anayeogopa kwenda polisi moja kwa moja anaweza kuanza kwa sheha, kwa ofisa wa ustawi wa jamii, au kwa kupiga simu 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Tukumbuke jambo moja kuhusu sheha: kazi yake ni kulipeleka shauri mbele, si kulisuluhisha.

Hatua ya nne ni usalama wa mtoto. Hapa ndipo kesi za wazazi hutofautiana na nyingine zote. Mtoto hawezi kulala nyumba moja na mtu ambaye kesho atamtolea ushahidi, wala kuishi kwa ndugu wanaomshurutisha kila usiku akanushe. Sheria ya Mtoto inaruhusu mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi awekwe mahali salama kwa uamuzi wa mamlaka husika. Hata hivyo mara nyingi haki ingetendeka vizuri zaidi kama mtuhumiwa ndiye angeondoka, na mtoto akabaki na skuli yake, kitanda chake na wadogo zake. Mtoto akiondolewa yeye, huona kana kwamba ndiye aliyehukumiwa.

Hatua ya tano ni mashtaka. Wengi hawajui kwamba kesi ya jinai si mali ya familia. Anayeshtaki ni dola, kupitia Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa hiyo baba mdogo hawezi kwenda mahakamani akasema, «Tumeshasameheana, tunaifuta kesi». Lakini ingawa familia haina mamlaka ya kuifuta kesi, ina uwezo wa kuiua: inatosha mashahidi wasitokee, au mtoto apelekwe mbali siku ya kusikilizwa. Kufuli ya muhali inafungwa tena mwishoni, baada ya milango yote kufunguliwa.

Hatua ya sita ni ushahidi. Umri mdogo pekee haumzuii mtoto kusikilizwa. Mahakama hupima kama anaelewa anachoulizwa na wajibu wa kusema kweli. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, inayopokea rufani za jinai kutoka Bara na Zanzibar, imeweka msingi katika hukumu ya mwaka 2006 ambayo majaji wanaendelea kuirejea: katika makosa ya kingono, ushahidi wa msingi ni ule wa mtendewa mwenyewe, kwani matendo hayo hufanyika faraghani. Mwaka 2021 Zanzibar ilianzisha pia mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji ili mashauri haya yasisubiri nyuma ya mengine. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mahakama, hata ikiwa maalumu, haiwezi kumwendea mtoto nyumbani ikamleta. Lazima awepo wa kumleta.

Funzo kutoka Meru

Juu ya jambo hili tunapata funzo kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2012 kundi la wasichana wadogo waliokuwa wamenajisiwa lilifika Mahakama Kuu mjini Meru kulalamika kwamba polisi walipokea taarifa zao lakini hawakuzichunguza ipasavyo. Wapo walioumizwa na watu wa familia zao. Je, watoto wa namna hiyo wangeifikiaje Mahakama Kuu? Walifika kwa sababu shirika lililowapa hifadhi, Ripples International, lilisimama mahali pa mzazi na kufungua shauri kwa niaba yao. Tarehe 27 Mei 2013 mahakama iliamua kwamba polisi walizivunja haki za watoto hao kwa kutokuchunguza, na ikaamuru uchunguzi ufanyike.

Uamuzi huo unazungumza na kila mtumishi wa umma anayelaza jalada la mtoto. Lakini unazungumza pia na sisi. Palikuwa na sheria Kenya kabla ya siku hiyo. Palikuwa na polisi na mahakama. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kusema, «Mtoto huyu ni wangu katika jambo hili». Alipopatikana huyo, mlango ukafunguka.

Je, msamaha haupingani na mashtaka?

Baadhi ya waamini hupata shida ya dhamiri hapa. Yesu ametufundisha kusamehe. Amri ya nne inatutaka tuwaheshimu baba na mama. Inakuwaje basi Kanisa limhimize mtoto kumpeleka mzazi wake mahakamani?

Tuanze na Maandiko Matakatifu yenyewe. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, kinasimulia habari ya Tamari, binti wa mfalme Daudi, aliyetendewa ubaya na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze kwa kuwa mtendaji ni ndugu. Daudi, aliyekuwa baba na pia hakimu wa nchi, alikasirika sana, lakini hakutenda lolote. Tamari akabaki na ukiwa wake katika nyumba ya kaka yake. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na nyumba ya Daudi ikaingia katika vita vya ndani. Ukimya uliokusudiwa kuiokoa heshima ya nyumba ndio ulioibomoa. Mficha maradhi kilio humfichua.

Amri ya nne, kama Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavyoifafanua, inawapa wajibu wazazi pia, na mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Katekisimu, katika namba 2389, inauweka udhalilishaji wa kingono wa watoto waliokabidhiwa kwa watu wazima pamoja na dhambi ya maharimu, na kuuhesabu kuwa kosa kubwa maradufu, kwa sababu unavunja pia wajibu wa kulea. Kuhusu adhabu, namba 2266 inafundisha kwamba mamlaka halali ina haki na wajibu wa kutoa adhabu inayolingana na kosa, ili kurekebisha uharibifu uliofanyika, kuwalinda watu, na ikiwezekana kumponya mkosaji mwenyewe. Hivyo mashtaka hayapingani na upendo. Mzazi anayezuiwa kuendelea kumwangamiza mtoto wake anazuiwa pia kuendelea kujiangamiza.

Vipi mzazi akiungama? Muhuri wa Sakramenti ya Kitubio hauvunjwi kamwe. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa haina nafasi ya ubaguzi. Lakini maondoleo ya dhambi hayafuti deni la haki. Anayetubu kweli analazimika kuacha uovu, kuurekebisha kadiri awezavyo, na kutokumzuia mtoto kupata tiba na haki. Padre anaweza kumhimiza kwa nguvu ajisalimishe mwenyewe. Na mtoto akitaja katika kitubio jambo alilotendewa, padre anaweza kumtia moyo alieleze nje ya kitubio, kwa padre mwenyewe au kwa mtu mzima anayemwamini, ili msaada uanze. Ama msamaha, huo ni neema ambayo aliyeumizwa anaweza kuifikia kwa wakati wake. Si sharti linalowekwa na wazee mbele ya mtoto mwenye majeraha mabichi.

Tuseme pia neno juu ya mtuhumiwa. Yeye ni binadamu mwenye haki ya kusikilizwa na kutetewa, na hana hatia hadi mahakama iamue. Mtoto anaweza kuelewa vibaya, na watu wazima wenye ugomvi wa ndoa wanaweza kumtumia mtoto kama silaha. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kulipeleka jambo kwa wenye elimu ya kuchunguza, badala ya kulihukumu barazani. Anayetoa taarifa hatoi hukumu. Anafungua njia ya ukweli kujulikana.

Wajibu wa jumuiya zetu

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Jumuiya ndiyo inayojua ni nyumba ipi ambamo mtoto amebadilika ghafla, haendi skuli, anaogopa kurudi nyumbani, au ana alama zisizoelezeka. Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana katika kila parokia na kigango.

Kwanza, kila jumuiya iwe na watu wawili waaminifu, mwanamke na mwanamume, wanaojua njia tuliyoieleza: kituo kiko wapi, dawati liko wapi, ofisa wa ustawi ni nani. Kamati za Haki na Amani, WAWATA na walezi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuanza kazi hii. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar wana uzoefu wa kusaidia na kufundisha wasaidizi wa sheria katika jamii.

Pili, mfuko wa mshikamano wa jumuiya umkumbuke mtoto shahidi. Nauli ya kwenda na kurudi mahakamani, chakula cha siku ile, na kilo chache za mchele kwa mama ambaye mume wake amekamatwa, ni mambo madogo ambayo huamua kama kesi itafika mwisho. Mama asiyelazimika kuchagua kati ya haki na ugali huchagua haki.

Tatu, tuwasindikize. Mtu yuleyule aliyempeleka mtoto hospitali siku ya kwanza awepo siku ya kesi, na awepo pia mwaka mmoja baadaye, watu watakapokuwa wamesahau. Mtoto ambaye baba yake amefungwa atasikia maneno sokoni na kisimani. Anahitaji mtu wa kumkumbusha kwamba aliyeivunja nyumba si yeye aliyesema.

Nne, tushirikiane na majirani zetu Waislamu, masheha na walimu wa madrasa. Katika jambo la kumlinda mtoto hatuna mashindano. Imani zote mbili zinamhesabu mtoto kuwa amana ya Mwenyezi Mungu.

Yesu alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake, kisha akawaonya kwamba kwa anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, jiwe la kusagia shingoni lingekuwa afadhali. Mara nyingi tunalikumbuka jiwe na kumsahau mtoto aliyesimama pale katikati, mahali ambapo kila mtu anaweza kumwona. Basi tumwombe Mungu atujalie ujasiri wa kuuvuka muhali, ili mtoto anayegonga mlango wetu usiku, awe wa Makunduchi au wa Mji Mkongwe, amkute nyuma ya mlango huo mtu mzima atakayetoka naye kesho yake asubuhi.